Kazi Namba Kumi na Nne

Sehemu ya saba

Jumapili iliyopita mliniacha nimeshika kifuniko cha jeneza upande wa miguu, baba yangu mdogo Zacchaeus ameshika upande wa kichwa, na ndani hamna mtu.

Nasema hamna mtu, ingawa hata asubuhi mtu mwenyewe alikuwa tunda.

Kwa aliyelipata gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitaeleza haraka. Kaka yangu Griffins Ogola alizama ziwani nje ya Asembo Bay miezi kumi na moja iliyopita. Ziwa halikumrudisha. Kwetu, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikwa kwa tunda la yago, lile refu, zito, la kijivu, linaloning'inia mtini kwa kamba yake kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Tulilikata kwa wajomba, Awasi. Nililiosha mimi kwa maji ya uvuguvugu, nikalivisha ovaroli yake ya buluu, nikaliita jina lake mara tatu. Kuanzia hapo halikuwa tunda tena. Lilikuwa Griffins, na kaburi lake lilichimbwa Asembo usiku wa kuamkia siku hiyo.

Na kwetu kaburi likishachimbwa, haliachwi tupu hadi jua kuzama. Likikosa mtu wake, wazee husema, hutafuta mwingine.

Sasa ilikuwa saa saba na nusu mchana. Tulikuwa Kisumu, kando ya ziwa, katikati ya tamasha la bure la muziki na sanamu. Ndani ya jeneza kulikuwa na ovaroli. Ndani ya ovaroli hakukuwa na kitu.

Watu wakapiga makofi.

"Wanapigia nini makofi?" Baba Zacchaeus akauliza.

"Sijui, Baba."

"Waambie waache."

Sikuwaambia. Nilikuwa nimeona kibandiko ubavuni mwa jeneza. Karatasi nyeupe, herufi kubwa, gundi bado mbichi:

KAZI NAMBA 14. JENEZA TUPU. MSANII: HAJULIKANI.

Chini yake palikuwa na boksi la kura lenye tundu juu. Lilikuwa limejaa hadi nusu.

Nikaelewa kilichotokea, na nikaelewa kwamba kosa lilikuwa langu. Tulipokuwa njiani kwenda Asembo nilimwomba Baba Zacchaeus saa moja tu. Samaki wa Griffins alikuwa anafunuliwa siku hiyo, mbuta wa chuma mwenye urefu wa lori, kazi yake ya mwisho, na nilitaka mzee amwone. Tukaegesha pikapu nyuma ya jukwaa, mahali ambapo pikapu nyingine zilikuwa zikishusha sanamu. Tukaenda kumtazama samaki. Wabebaji wakashusha kila walichokikuta.

"Nilikuambia tupite moja kwa moja," akasema Baba Zacchaeus.

"Uliniambia."

"Nikasema, Sheryl, maiti haipelekwi kwenye ngoma."

"Ulisema."

"Ukasema saa moja."

"Nilisema, Baba."

Msichana mmoja mwenye simu alisogea hadi karibu na pua ya mzee. "Mzee, hii imeweza! Hiyo uso ya huzuni mmefanyia mazoezi wapi?"

"Uso gani?"

"Hiyo hiyo! Usibadilishe!" Akapiga picha, akatumbukiza kura, akaenda zake.

Mwanamke mwenye beji shingoni na kipaza sauti mkononi alipenya umati. Alikuwa wa umri wangu, na alikuwa amechoka.

"Hatimaye!" akasema. "Ninyi ndio wenye hii kazi? Mimi ni Gakenia, nasimamia sanamu zote hapa. Nimewatafuta tangu saa sita na nusu mjaze fomu."

"Sisi si wasanii," nikasema. "Sisi ni wafiwa."

Akaandika. "Wa-fi-wa. Ni kundi la wapi?"

"Asembo," akajibu Baba Zacchaeus, kwa sababu swali liliulizwa kwa heshima.

"Dada," nikamwambia, "humu ndani kulikuwa na kitu. Kiko wapi?"

Uso wake ukabadilika. Akazima kipaza sauti, akanivuta kando ya gurudumu la sanamu namba kumi na tatu, ambayo ilikuwa baiskeli ya magugu maji.

"Hilo nilitaka tuongee polepole," akasema. "Hili ni tamasha la familia. Hakuna kiingilio na hakuna pombe. Kila chenye kifuniko hufunguliwa na kukaguliwa. Mlidhani sitaijua? Mimi ni wa Murang'a, dadangu. Guka, babu yangu, alipika pombe ya muratina kwa tunda hilo miaka arobaini."



Msomaji wa huku kwetu huenda hajui, nami nilijua nusu tu. Tunda lile lile sisi tunalolizika, watu wa Gakenia hulipasua, hulichemsha, hulianika juani, kisha hulitia kwenye maji ya asali yachachuke. Sisi hulia juu yake. Wao huliimbia arusi.

"Nimeona watu wakiingiza pombe ndani ya chupa ya uji," Gakenia akaendelea. "Nimeona mtu na Biblia iliyochimbwa katikati. Lakini kuivisha muratina ovaroli na kuilaza kwa jeneza, haki, hiyo ndiyo mara ya kwanza. Mlinichekesha. Lakini sheria ni sheria."

"Sheryl," Baba Zacchaeus akaniita kutoka jenezani, "huyo binti anasemaje?"

"Anasema Griffins ni pombe, Baba."

"Griffins hakuonja pombe maisha yake yote."

"Hasemi alikunywa. Anasema ndiye pombe yenyewe."

Baba Zacchaeus akalitafakari neno hilo. Umati ukapiga makofi tena.

Nikamweleza Gakenia kwa maneno machache. Nilimwambia ziwa, miezi kumi na moja, Awasi, maji ya uvuguvugu, jina mara tatu. Nikamwambia kaburi liko wazi sasa hivi, na kwamba kwenda Asembo ni mwendo wa saa moja na nusu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akarudi akaketi juu ya jeneza, akakumbuka ni nini, akasimama haraka.

"Nilimpa Mzee Mbugua," akasema.

"Afanye nini?"

"Atupe."

"Akatupa?"

"Mzee Mbugua hajawahi kutupa kitu."

Hiyo ni kweli, na Kibuye nzima inaijua. Mzee Mbugua huuza chuma chakavu sokoni humo tangu kabla sijazaliwa. Nusu ya samaki wa Griffins ilitoka kwenye ghala lake, nusu nyingine ilitoka kwenye mashua zilizooza, na ni yeye aliyemshika Griffins mkono akiwa na miaka kumi na sita akamwonyesha namna ya kukata bati bila kukata kidole.

Baba Zacchaeus hakutaka kuliacha jeneza peke yake. Akavua kofia yake nyeusi akaiweka juu ya kifuniko ilinde. Nyuma yetu nikasikia mtu akisema, "Sasa na kofia! Wameongeza kofia!" Kura zikaanguka ndani ya boksi kama mahindi ndani ya debe.

Tulimkuta Mzee Mbugua chini ya mwavuli wa plastiki, hatua chache kutoka kwa samaki. Alikuwa akipangusa panga kwa kitambaa.

"Sheryl!" akasema, akainuka. "Pole, mama. Pole sana, Mzee Zacchaeus. Leo ndiyo siku ya kijana wetu. Mimi na wazee wa Kibuye tutafika Asembo kesho na gari kutoa pole."

"Mzee," nikasema, "lile tunda ulilopewa na Gakenia liko wapi?"

"Ah, hilo! Tunda la maana kabisa. Halina mdudu. Nimelipasua."

Bendi ya benga ilikuwa imepumzika, ndiyo maana kila mtu alisikia.

"Umelipasua," Baba Zacchaeus akarudia.

"Likikaa zima haliivi vizuri. Nina wageni wa mahari mwezi ujao."

"Mara ngapi?"

"Mara moja tu, Mzee. Vipande viwili. Mkono wangu bado uko sawa."

Gakenia akamsemesha kwa Kikuyu. Alisema maneno mengi, na ndani yake nilitambua jina la kaka yangu tu. Mzee Mbugua akalitazama panga, akaliweka chini taratibu, akalisukuma kwa mguu hadi likawa mbali naye.

"Sheryl," akasema, "nimemkata Griffins?"

"Umempasua, Mzee. Hukujua."

"Mimi niliyemfundisha kukata."

Ilikuwa saa nane kasoro kumi.

"Vipande viko wapi?" nikauliza.

Akanyoosha kidole kwa samaki. "Nimeanika pale mgongoni. Chuma kikipata jua kinakausha kuliko mawe."

Tukakimbia. Baba Zacchaeus ana miaka sabini na moja na hajakimbia tangu timu yake ya kanisa ivunjwe, lakini alikimbia. Kwenye mgongo wa samaki, kati ya pezi na pezi, nusu moja ya yago ilikuwa imelala kifudifudi, nyama yake chini, kama mtu anayejipumzisha.

Nusu moja.

"Nyingine?" Gakenia akauliza kwa sauti ndogo.

Kabla mtu hajajibu tuliisikia. *Ting. Tong. Ting.*

Inabidi niwaambie jinsi samaki yule alivyotengenezwa. Magamba yake yanalia yakipigwa. Griffins alikuwa akiniita karakanani Jumamosi baada ya kanisa, ananiambia, "Imba noti ya tatu." Naimba ya tatu. Anapiga gamba, anasikiliza, anakwangua kwa tupa, anapiga tena. "Umepanda," ananiambia. Namwambia, "Si mimi niliyepanda, ni chuma chako." Tulibishana hivyo gamba kwa gamba, magamba arobaini na mawili, hadi chuma kikakubaliana na koo langu. Hivyo samaki yule ana sauti yangu. Sikuwa nimewahi kumsikia akipigwa na mkono wa mtu mwingine.

Upande wa pili palikuwa na foleni ya watu waliosubiri kumpiga. Mbele ya foleni alisimama mama mnene mwenye gauni la kitenge na miwani yenye kamba. Huyo alikuwa Mama Nanyama, mwalimu mstaafu wa muziki kutoka Bungoma, jaji mkuu wa tamasha. Mkono wa kushoto alishika karatasi ya alama. Mkono wa kulia alishika ile nusu nyingine.

Alikuwa akimpiga samaki wa Griffins kwa Griffins.

Na alikuwa akipiga wimbo, tenzi ya polepole ya mazishini, ile ambayo kila mmoja wetu ameiimba au ataimbiwa.

"Mama," nikasema, "samahani. Hicho ulichoshika."

"Kinafaa kabisa," akasema bila kugeuka. "Vile virungu vya mpira mlivyotoa havina maana. Hiki kina uzito, na hakikwaruzi. Nani alikitengeneza?"

"Mungu," akajibu Baba Zacchaeus akihema. "Na shemeji yangu."

Mama Nanyama akageuka. Nilimwambia. Sasa nilikuwa nimeshazoea kuisimulia, na nikaimaliza kwa sentensi nne. Yeye hakupiga kelele wala hakukitupa kile kipande, jambo ambalo nilikuwa nimeliogopa. Alikitazama, akakihamishia kwenye mikono yote miwili.

"Nimebakiza ubeti mmoja," akasema. "Nimwache katikati?"

Baba Zacchaeus alipeleka mkono kichwani avue kofia. Kofia haikuwepo. Akauacha mkono palepale juu.

"Malizia," akasema.

Akamalizia. Hata waliokuwa wanakula mahindi kwenye foleni waliacha kutafuna. Alipofika noti ya mwisho alipiga gamba la chini kabisa, karibu na mkia, nalo halikulia. Lilisema *kwa*, kama sufuria.

Mama Nanyama akakunja uso. "Hili bado."

"Hakulimaliza," nikasema. "Tulikuwa tulimalize Jumamosi iliyofuata."

Akachukua kalamu.

"Mama, usimkate alama kwa hilo."

"Sikati," akasema, na kalamu akairudisha mfukoni.

Saa nane na robo. Mzee Mbugua alipiga magoti kwenye nyasi, akazikutanisha nusu mbili, Gakenia akazishika zisiteleze. Mzee akatoa mfukoni waya ya kufungia nondo, akaizungusha mara saba, akakaza kila mzunguko kwa koleo. Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu ambao sijauona hata kwa daktari.

"Mtu aliyepasuliwa huzikwa?" Baba Zacchaeus akauliza, si kwa ukali. Alitaka kujua.

"Wa hospitali hupasuliwa wakashonwa," Mzee Mbugua akajibu bila kuinua kichwa. "Hamuwaziki?"

"Tunawazika."

"Basi huyu ameshonwa na fundi wake."

Tukambeba hadi kwenye jeneza. Nilidhani mambo yameisha. Ndiyo, wasomaji wangu, na mimi huwa nadhani hivyo.

Jeneza lilikuwa limezungukwa na utepe mwekundu. Mabawabu wawili walisimama kila upande. Juu ya jukwaa Mama Nanyama alikuwa ameshafika kabla yetu, mtu alikuwa amemtia karatasi mkononi, na kwa uso wake nilijua haikuwa karatasi aliyoipenda.

"Kura za wananchi," akasoma kwenye maikrofoni, "mia nne na sita. Mshindi ni kazi namba kumi na nne. Jeneza Tupu. Ya kundi la Wafiwa, Asembo."

Uwanja ukalipuka. Bendi ikaanza. Mtangazaji wa redio, aliyekuwa akirusha tamasha moja kwa moja, alipanda juu ya kiti akapaza sauti kwa Dholuo: "*Sanduk nono!* Sanduku tupu, ndugu zangu! La watu wa Asembo! Wamelifungua mbele yetu, ndani hamna mtu!" Aliyarudia mara tatu. Sikumjali. Laiti ningemjali.

"Tunashukuru," nikamwambia bawabu. "Tunaomba jeneza letu."

"Kazi iliyoshinda haitoki," akasema bawabu. "Mgeni rasmi anakuja kupigwa picha nayo saa kumi na mbili."

"Saa kumi na mbili jua linazama."

"Ndiyo maana anataka saa hiyo. Picha inatoka vizuri."

Baba Zacchaeus akakaa chini kwenye nyasi. Sijawahi kumwona akikaa chini mbele za watu. Aliniangalia, na hakusema tena kwamba aliniambia. Ingekuwa afadhali angesema.

"Kaburi liko wazi, nyathina," akasema. Nyathina ni mtoto wangu. "Na nyumbani kuna watu."

Hapo ndipo Gakenia alipowasha kipaza sauti.

"Kundi la Wafiwa!" akaita, ingawa tulikuwa hatua mbili kutoka kwake. "Nawaonya! Hii kazi imesajiliwa kama Jeneza Tupu. Someni kibandiko. Tupu! Mkithubutu kuweka kitu ndani mtakuwa mmeiharibu. Hicho mlichobeba hakiruhusiwi humu kabisa. Nataka mkiondoe uwanjani sasa hivi!"

Mabawabu wakatikisa vichwa kuafiki.

"Na hiyo ovaroli," akaongeza, jicho lake halikupepesa hata kidogo. "Jeneza lenye ovaroli si tupu. Itoeni. Bawabu, wasaidie."

Bawabu akatupatia ovaroli. Akatupatia na kofia.

"Azikwe bila sanduku?" Baba Zacchaeus akanong'ona tulipokuwa tukimvalisha Griffins nyuma ya pikapu.

"Baba yako alizikwa na nini?" Mzee Mbugua akauliza. Alikuwa ametufuata na koleo lake.

"Ngozi ya ng'ombe."

"Alilalamika?"

Baba Zacchaeus akafikiri. "Hapana."

"Basi."

Tukamketisha Griffins katikati yetu, kwenye kiti cha mbele. Gakenia alikuja mbio akiwa na kitu mkononi. Lilikuwa lile gamba la chini, lisilolia. Mzee Mbugua alikuwa amerudi kulitoa kwa bisibisi mbili.

"Mama Nanyama amesema lizikwe pamoja naye," akasema. "Amesema kazi ambayo haijaisha ni ya fundi, si ya tamasha."

Nikaliweka juu ya mapaja ya ovaroli. Lilikuwa na joto la jua.

Baba Zacchaeus aliwasha gari, kisha akainama, akavuta mkanda wa usalama, akamfunga Griffins.

"Ya nini, Baba?"

"Kisian kuna askari," akasema.

Saa tisa kasoro kumi na tano. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi tulikuwa na muda. Tungefika saa kumi na robo, jua likiwa bado juu ya mitende, tungemshusha, tungefukia, kisha ningelala. Nilikuwa nimeanza kuhesabu hivyo simu yangu ilipolia.

Alikuwa binamu yetu Calvince, aliyeachwa alinde kaburi.

"Mko wapi?"

"Tunatoka Kisumu sasa."

"Mnaye?"

"Tunaye. Ana waya, lakini ni yeye."

Nyuma ya Calvince nilisikia redio, sauti yake imefifia, kama inayotoka chini ya blanketi. Ilikuwa ikipiga benga.

"Sheryl," akasema, "Dani alikuwa anasikiliza tamasha."

Dani ni nyanya yetu. Ana miaka themanini na minane. Ndiye aliyemlea Griffins.

"Amesikia jeneza la watu wa Asembo limefunguliwa na halina mtu," Calvince akaendelea. "Amesikia mara tatu."

"Mwambie tumempata! Mpe simu niongee naye."

"Siwezi kumfikia."

"Kwa nini? Yuko wapi?"

"Yuko chini."

"Chini wapi, Calvince?"

Baba Zacchaeus akapunguza mwendo.

"Aliomba ngazi," akasema Calvince. "Tukadhani anataka kuangalia kama tumechimba sawasawa, unajua anavyotusumbua. Akashuka na kigoda chake na redio. Kisha akatuamuru tuvute ngazi juu. Anasema kaburi la mjukuu wake halitakaa tupu yeye akiwa hai. Anasema Griffins akifika atampisha. Asipofika kabla jua halijazama, tufukie, kaburi litakuwa limepata mtu wake."

"Mtoeni!"

"Nani amshike Dani, Sheryl? Wewe ungemshika?"

Nikatazama mbele. Barabara ya Kisian ilikuwa kavu na nyeupe kwa jua. Lakini kushoto, upande wa Asembo, ziwa lilikuwa limegeuka rangi ya bati, na anga juu yake ilikuwa imeshuka chini sana. Griffins alikuwa amekaa wima katikati yetu, mkanda kifuani.

"Calvince," nikasema, "huko kuna mawingu?"

"Mawingu yalikuwa saa nane," akasema. "Sasa ni mvua."